Barua ya Masasi na Sinema ya Bwana Okabe

Wiki iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa jikoni kwangu Kibamba nachambua mchicha, simu ikaita. Alikuwa Seif, kitinda mimba wa Bi Zuhura wa Temeke, mtu mzima sasa mwenye mjukuu, ambaye mimi nilimjua akiwa anatambaa na kula udongo wa uani. Alinisalimu kwa kirefu. Akaulizia magoti yangu, akaulizia kuku, akaulizia kama maji ya bomba yanatoka huku kwetu. Kisha akasema, "Dada Felista, mama kazidiwa kidogo. Ukipata nafasi uje." Nyuma yake nikasikia watu wanaburuta mabenchi. Kila aliyelelewa huku kwetu anayajua maneno hayo. Mtu akifa hatutangulizi kusema amekufa. Tunasema anaumwa, tunasema kazidiwa, tunamwita mwenzetu aje, ili habari yenyewe aikute akiwa katikati ya watu wa kumshika. Nilijua basi kwamba Bi Zuhura amefariki. Nilichomjibu Seif nitakisema mwishoni, kwa sababu jibu lile sikulibuni siku hiyo. Nililipata zamani, katika mwaka mmoja niliopanga chumba nyumbani kwa mama yake, nikiwa msichana mwenye kichwa kigumu na kazi ya kupiga taipu.

Ilikuwa miaka ile ya Azimio la Arusha, tunaitana ndugu kuanzia meneja mpaka mfagizi, ingawa meneja alikuwa na kiti cha kuzunguka na mfagizi hana. Nyumba ya Bi Zuhura ilikuwa na vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, na ukumbi mrefu katikati unaotokea uani. Chumba cha mbele kilikuwa duka lake: chumvi, kiberiti, mafuta ya taa, nyuzi, sabuni ya mche anayoikata kwa waya. Babu yake alitoka Hadhramaut, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika mbali zaidi ya Bagamoyo. Alikuwa mjane kijana, katoka eda si muda mrefu, na Seif alizaliwa baba yake akiwa tayari kaburini. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, karibu na jiko. Usiku kilinuka moshi na asubuhi kilinuka mpingo, kwa sababu nje ya dirisha langu, chini ya kipande cha bati, ndipo alipokuwa akichongea Mzee Daudi, Mmakonde aliyevuka Ruvuma miaka ya nyuma na patasi zake zimefungwa kwenye shuka. Unga mweusi wa mpingo uliingia kwenye mto wangu, kwenye sukari, hata kwenye mafuta ya nywele. Nililalamika sana mwaka ule. Leo ningeupata unga ule hata kijiko, ningeuweka kwenye chupa.

Tulikula pamoja bila mtu kupanga. Alhamisi Bi Zuhura alipika mkate wa kumimina, na sinia likazunguka vyumba vyote. Jumapili mimi nikirudi kanisani nilikuwa na zamu ya wali na maharage, nao walikula kwa adabu, maana maharage yangu yalikuwa magumu kama risasi. Mzee Daudi alipika ugali wa muhogo na kisamvu mara moja kwa wiki na hakukubali mtu yeyote amsaidie. Alikuwa akisema wanawake wa Dar wanakiosha kisamvu mpaka kinasahau kwamba kilikuwa jani. Jioni redio ililetwa kutoka dukani, ikawekwa juu ya kinu kilichogeuzwa, tukasikiliza taarifa ya habari huku tukipepeta au kushona au, kwa upande wangu, kukaa tu.

Barua ilifika mvua za masika zilipokuwa zimekolea. Ilitoka Masasi, kwa kaka yangu Benedikti, mwandiko wake ule wa kulalia kushoto, na ilikuwa na mistari mitatu. Salamu. Mama mgonjwa sana. Ukipata nafasi njoo haraka. Niliisoma nimesimama ukumbini, nikaikunja, nikamwambia Bi Zuhura, "Mama anaumwa." Yeye alikuwa amembeba Seif mgongoni. Alinitazama usoni, kisha akasema, "Pole, mwanangu. Unaenda lini?" Nikasema barabara ya kusini imefungwa, Rufiji imejaa, magari hayavuki. Hilo lilikuwa kweli. Nikaenda zangu chumbani nikamwandikia kaka barua ndefu nikimuuliza mama analala hospitali gani, anakula nini, kile kikohozi chake cha siku zote ni kikavu au cha makohozi. Nikanunua sweta la kijani na chupa ya dawa ya kifua, nikavifunga vizuri, nikampa mtu wa Ndanda aliyekuwa anapanda meli kwenda Mtwara.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho, kama nilivyoisoma mimi mara nyingi tangu hapo. Meli ilikuwepo. Mtu alipanda meli na furushi langu mkononi, na mimi niliyempa furushi nilirudi Temeke kwa miguu nikijiambia hakuna njia ya kufika kwetu. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilizijua desturi zetu zote, nilikuwa nimeshawahi mimi mwenyewe kumwambia jirani kwamba mumewe kazidiwa wakati mumewe ameshafunikwa shuka. Lakini barua ile niliamua kuisoma jinsi ilivyoandikwa. Ilisema mgonjwa, basi ni mgonjwa. Wiki zikapita, masika yakaisha, barabara ikakauka, na kaka hakujibu. Nikasema watu wa posta ya kusini ni wavivu.

Mwezi ule ule wa barua Bi Zuhura alianza tabia iliyonikera. Taarifa ya habari ikiisha, kabla tu ya matangazo ya vifo, aliinuka akazima redio. "Betri zinakwisha," alikuwa akisema. "Tuziache zipumzike." Siku ya kwanza sikujali, siku ya nne nilichoka, na mwisho wa mwezi nikamnunulia betri mpya nne kama zawadi. Alizipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaziweka. Jioni yake, habari zilipoisha, akainuka akazima. "Hizi nazo si nzima," akasema. Mzee Daudi alikuwa amekaa pale anapiga msasa mguu wa sanamu, na hakuinua kichwa. Mimi nikaenda kulala nimenuna, nikiwaza jinsi watu wenye maduka walivyo na choyo.

Kazini, kiwanda chetu cha nyavu kilikuwa na fundi mmoja wa Kijapani, Bwana Okabe, aliyekuja na mashine na kubaki nazo. Alikuwa mwembamba, mpole, na Kiswahili chake alikijifunza kwa mafundi wenzake, kwa hiyo alijua majina ya kila spana na hakujua kuomba maji. Klabu ya wafanyakazi ilimwomba atuletee sinema ya kwao. Tulitegemea mieleka au magari. Yeye akaleta picha ya kutisha, ya zamani, isiyo na rangi, ambayo alisema kwao inaheshimiwa sana na kila mtu mzima ameiona. Haikuwa na tafsiri hata ya Kiingereza. Basi akakaa wiki mbili akiandika maneno yote kwa Kiingereza chake kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa, akaniletea mimi mpiga taipu niyageuze Kiswahili, niyasome kwenye kipaza sauti picha ikiwa inaendelea. Aliniambia, "Ndugu Felista, pole pole. Picha hii, maneno machache. Kila neno moja, kazi kubwa."

Nilirudi na daftari nyumbani, na kila alasiri nilitafsiri uani, maana chumbani palikuwa na joto. Hadithi ilikuwa ya mchonga barakoa za mbao, fukara, aliyeitwa na bwana mkubwa akachonge barakoa za ngoma ya ikulu. Alimwacha mkewe kijijini akakaa huko miaka mitatu. Anaporudi, nyumba ipo, moto unawaka, mkewe kapiga magoti mlangoni na kumwambia karibu. Anampikia, anamkanda mabega. Lakini yeye mwenyewe hali mbele ya mumewe, na amemwomba kitu kimoja tu, asiwashe taa kwenye chumba cha ndani. Wanaishi hivyo. Mume anaanza kuchonga barakoa ya sura ya mkewe na kila akifika kwenye macho, mkono unagoma. Majirani wanamwona barabarani wanataka kumwambia jambo, naye anawakatiza kwa habari za mvua na bei ya mchele. Nilikuwa nikisoma kwa sauti ili nisikie kama Kiswahili kinakaa sawa. Sikuwaalika kusikiliza, lakini siku ya tatu niligundua kwamba Bi Zuhura amehamishia kazi ya kumenya muhogo miguuni pangu, na kwamba patasi ya Mzee Daudi imenyamaza.

Bi Zuhura ndiye aliyeanza kuidai hadithi. "Hiyo si ya Wajapani," alisema. "Hiyo ya kwetu. Mwanamume kaoa jini. Jini mke mzuri, anapika, anafua, na sharti moja tu, usimwambie mtu. Siku mume akifungua mdomo, anaamka kalala juu ya jiwe." Bibi yake alikuwa akiwasimulia hivyo hivyo, akasema, ila wa bibi yake alikuwa na farasi. Mimi nikachangia yule mke wa kwenye Biblia aliyekatazwa kugeuka nyuma akageuka akawa nguzo ya chumvi, nikaambiwa huyo hakupika chochote kwa hiyo hafanani. Mzee Daudi alingoja muhogo uishe. Kisha akasema kwamba Wamakonde walianza na hadithi hii, lakini kwa upande wa pili. Alikuwepo mtu peke yake, kabla ya watu, hajui kuoga wala kunyoa. Akachonga mti ukawa umbo, akausimamisha nje ya kibanda, asubuhi akakuta ni mwanamke. "Wa kwetu alichonga mti, mti ukawa mke," alisema. "Huyu wa Japani, mke wake ndiye kawa mti. Basi ni hadithi ileile, yeye kaingilia mlango wa nyuma."

Nilimpelekea Bwana Okabe maneno haya kesho yake, nikidhani atacheka. Aliweka spana chini. Akaniambia kwamba kwao nako watu husema picha ile imeegemea hadithi ya kale kuliko zote, ya mume wa kwanza na mke wa kwanza wa dunia. Mke alifariki, mume akamfuata mpaka nchi ya wafu. Mke akamwambia kutoka gizani, nisubiri, usinitazame. Mume akashindwa kungoja, akavunja jino la kitana akaliwasha moto, akamwona alivyo, akakimbia, akaziba njia kwa jabali. Nilimuuliza nani alikosea, mume au mke. Akaiokota spana yake. "Hakuna kosa," alisema. "Mume, hajasema kwaheri. Hiyo tu."

Jioni niliporudi na hadithi hiyo, uani pakawa na mjadala ambao hata leo nikiosha vyombo huwa nausikia. Mimi nilimtetea mume kwa nguvu. Nilisema, "Kwani wanamsumbua ya nini? Anaishi vizuri, anapikiwa, hajamdhuru mtu. Kama mkewe amekufa, yeye hajui, basi wamwache asijue." Niliongea kwa ukali kuliko hadithi ilivyohitaji. Bi Zuhura akamtazama Mzee Daudi, na Mzee Daudi akaitazama sanamu aliyoishika. "Wee unamwonea huruma mume," mzee akaniambia. "Mie namwonea huruma mke. Kafa, na bado anapika. Kachoka yule, Felista. Anataka kulala, na mwenye kumlaza hataki kusema neno." Nikamjibu kwamba ni picha tu. Akasema ndiyo, ni picha tu, akarudi kwenye patasi.

Ukurasa wa mwisho wa daftari niliuacha siku tano. Ulikuwa mfupi kuliko yote. Bibi kizee jirani anakuja, anapiga magoti mlangoni, na safari hii mume anakosa la kumkatiza. Bibi anasema, mkeo alikufa mwaka ule ule ulioondoka, mikono hii ndiyo iliyomwosha. Ni maneno mepesi, mtoto wa darasa la tatu angeyageuza. Niliweka karatasi kwenye mashine, nikapiga "Mkeo," nikasimama. Nikaenda kunywa maji. Nikarudi nikapiga "Mkeo ali," nikasimama tena. Hatimaye nikaitoa karatasi hivyo hivyo, nikamwambia Bwana Okabe kazi imekwisha, na nikajiambia siku ya picha nitayasoma maneno moja kwa moja kutoka kwenye daftari lake.

Ilionyeshwa Jumamosi, baada ya kazi ya nusu siku, kwenye ukumbi wa klabu. Kwa kuwa jua lilikuwa bado kali, tuliziba madirisha kwa magunia kutoka stoo, na palipobaki nyufa akina mama wakatundika kanga zao. Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Bi Zuhura alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata kwa sikukuu, akaja na Seif na kikapu cha visheti. Mzee Daudi alivaa koti. Mimi nilikaa kwenye stuli pembeni ya ukuta uliopakwa chokaa, kipaza sauti mkononi na tochi ndogo juu ya karatasi, na Bwana Okabe nyuma kwenye mashine. Mwanzoni watu walicheka viatu vya miti na jinsi wanaume walivyofunga nywele. Mke alipotokea mlangoni na kuinamisha kichwa, hakuna aliyecheka tena. Wote walijua kuna kitu. "Hali," niliwasikia akina mama wakinong'onezana, "mtazameni, hali chakula." Wanaume watatu wa idara ya rangi walimkanya mume kwa sauti kila alipoukaribia mlango wa chumba cha ndani, kama vile angesikia.

Bibi kizee akaja. Akapiga magoti. Ukutani palikuwa na uso wake tu, mkubwa, umejaa mikunjo, na mdomo ukafunguka, na zamu ikawa yangu. Tochi ilimulika daftari la Bwana Okabe. Niliona neno lenyewe limeandikwa wazi. Sikuweza. Watu mia wananingoja, bibi ameshanyamaza ukutani, na mdomo wangu ukatafuta mahali pa kujificha ukapapata. Nikasema kwenye kipaza sauti, taratibu, "Mkeo mgonjwa sana."

Ukumbi mzima uliguna. Sijasikia sauti ile tena maishani. Akina mama waliweka mikono kichwani, mzee mmoja wa mlangoni akasema Inna lillahi, mwingine akaitikia, na mwanamke nisiyemjua akaanza kulia kwa sauti ya msibani. Hakuna hata mtu mmoja, katika ule umati wa wafuma nyavu na washona nyavu na wauza karanga, aliyefikiri kwamba mke yule ni mgonjwa. Nilikuwa nimelikwepa neno, na wao wote wamelisikia. Ukutani mume aliingia chumba cha ndani akawasha taa, na pale palikuwa na vumbi na nywele ndefu sakafuni, na mke akageuka, na uso wake haukuwa na macho, ulikuwa ile barakoa ambayo haijakwisha kuchongwa. Watu walipiga mayowe na watoto wakajificha kwenye kanga. Mimi sikutishika. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli yangu nasikia ule mguno, na ndani yake naisikia barua ya Masasi inasomwa kwa mara ya kwanza. Mama mgonjwa sana. Miezi mitatu. Miezi mitatu nilikuwa nimemwacha mama yangu anaumwa, anakohoa, anavalishwa sweta, kwa sababu mimi sikutaka kumwacha alale.

Magunia yalipoondolewa na jua likaingia, Bwana Okabe alikuja kunishukuru. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema watu wa Temeke wamelia mahali pale pale wanapolia watu wa kwao, na kwamba lazima nimetafsiri vizuri sana. Nilitaka kumwambia nimedanganya. Badala yake nikamgeukia Bi Zuhura, aliyekuwa amesimama na kikapu kitupu, nikasema, "Bi Zuhura, mama yangu amekufa." Hilo ndilo lililokuwa limenishinda tangu masika, na lilitoka kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza kiberiti. Yeye akamkabidhi Seif kwa mtu wa karibu, akanishika mabega. "Tunajua, mwanangu," alisema. "Tulikuwa tunakungoja wewe." Hapo ndipo nililia. Nililia mpaka Mzee Daudi akavua koti lake akanifunika.

Nilimuuliza Bi Zuhura baadaye kwa nini hakuniambia. Akanishangaa. "Mie nani nikuambie habari ya mamako? Kakako kasema kama inavyosemwa. Wewe ndiwe uliyekuwa hujafika." Jioni ile ile mikeka ilitandikwa uani. Balozi wa nyumba kumi alipita kuwaambia watu kwamba Felista wa kwa Bi Zuhura amefiwa, na wala hakueleza ni lini. Bi Zuhura akainama chini ya kitanda chake akavuta debe la mchele na mfuko wa sukari. Vilikuwa vimekaa pale tangu siku ya barua, akiwa na duka lake na wateja wanaoulizia sukari kila siku. Mzee Daudi akaenda kwenye rundo lake la magogo, akaondoa moja, akaondoa jingine, akatoa msalaba mdogo wa mpingo uliokwisha kusuguliwa. Vumbi lake lilionyesha haukuchongwa jana. Ndipo nikaelewa na habari ya betri. Mwanamke yule alikuwa akiilinda redio isinitangulie, jioni baada ya jioni, huku mimi nikimwita mchoyo moyoni mwangu.

Tulikaa matanga siku tatu. Akina mama wa kanisani walikuja na rozari, majirani Waislamu wakakaa nao mkeka mmoja, na vyungu vya Bi Zuhura havikushuka jikoni. Siku ya pili, kiwanda kilipofunga, Bwana Okabe alitokea ukumbini. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akavipanga vikitazama nje, akaja mpaka nilipokaa, akapiga magoti, akainamisha paji la uso mpaka kwenye mkeka. Watu wakampisha nafasi. Halafu mtu akamsogezea sinia, akala ubwabwa kwa mkono, vibaya sana, punje zikimdondokea kwenye suruali, na hakuna aliyemcheka. Kabla hajaondoka nilimwambia nilichokisoma siku ile badala ya maneno ya daftari lake. Nilimweleza na desturi yetu, kwamba huku anayeumwa sana mara nyingi ameshazikwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ataandika barua nyumbani kwao awaambie kwamba Temeke wamepata maneno bora kuliko yale ya picha.

Kiangazi nilikwenda Masasi. Kaka Benedikti alinipokea stendi, akabeba mzigo wangu. Nyumbani alinifungulia sanduku la mama, na juu kabisa palikuwa na sweta la kijani na chupa ya dawa ya kifua, haijafunguliwa. "Ningekujibu nini?" aliniambia. "Mtu katuma dawa." Tuliusimamisha msalaba wa Mzee Daudi pamoja, yeye akichimba na mimi nikishika, na nilimwambia mama kwa sauti kila kitu, hata sinema. Tangu hapo nimefundisha, nimezaa, nimezika mume na ndugu na Mzee Daudi mwenyewe, na watu huniambia mimi ni mgumu katika misiba. Si ugumu. Ni kwamba watu wa nyumba moja ya vyumba sita waliwahi kunishikia kifo cha mama yangu miezi mitatu, kimya, kama mtu anayekushikia mtoto mpaka unyooshe mgongo, na waliponipa nilikuwa na nguvu za kumbeba. Sijawahi kuwashukuru ipasavyo. Nadhani wao hawakujua kwamba kuna cha kushukuriwa.

Basi wiki iliyopita Seif aliposema mama kazidiwa kidogo, mabenchi yakaburutwa nyuma yake, na yeye akabaki kwenye simu anapumua bila kujua atasema nini tena, niliweka mchicha chini. Nilikumbuka jinsi anavyochoka yule anayelishika neno peke yake. Nikamwambia, "Asante, mdogo wangu, kwa kunifichia. Mimi nimeshakaa chini. Sasa niambie, mama tunamzika saa ngapi?" Akalia, mzee mzima, nami nikamngoja mpaka amalize. Kisha akasema, "Alasiri, dada. Tunakungoja wewe."